Vioo vya Gunia la Chemani

Mwezi uliopita tulimzika Mama Achieng kwao kando ya ziwa, na bwana mmoja aliyevaa suti isiyokuwa yake alisimama mbele ya kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyependa ugomvi. Niliweka sahani yangu chini. Samaki alikuwa mtamu na sina tabia ya kuacha samaki nusu, lakini kuna uongo ambao mtu hawezi kuumeza pamoja na miiba. Mama Achieng aliwahi kumfuata mteja kwa bodaboda hadi nusu ya njia ya Mosocho kwa sababu ya nati moja. Aliwahi kufunga duka mchana kweupe ili apate nafasi ya kubishana vizuri. "Mpole nani?" nikamuuliza mama aliyekaa karibu nami, mmoja wa jamaa zake. Akanitazama, akanirudishia sahani mkononi. "Nyathina," akasema, maana huko hivyo ndivyo wanavyomwita mtu mtoto wao hata kama ana mvi, "kwa matanga kila mtu ni mpole. Kula." Nikala. Lakini njiani kurudi Kisii nilijua ni lazima niandike habari za mwaka ule niliokaa kwenye veranda yake, kabla wenye suti hawajamgeuza mtu mwingine kabisa.

Duka lake lilikuwa Kisii mjini, upande wa chini, pale barabara inapoanza kuteremka na wenye bodaboda wanazima injini ili mlima uwasukume bure. Mbele kulikuwa na dirisha la nondo, minyororo na mipira ya breki ikining'inia, na harufu ya raba mpya ambayo mpaka leo nikiisikia naona njaa. Nyuma ya kaunta kulikuwa na chumba kimoja kilichokatwa vipande viwili kwa ubao mwembamba. Mama Achieng alilala upande wenye dirisha, mimi upande wenye mapipa ya maji. Ubao ule ulizuia macho tu. Nilimsikia akisali, akikohoa, akiwalaani wauzaji wa jumla kwa simu na kuwaombea heri kabla ya kukata. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa kwa ndizi za kuchemsha, na kila asubuhi alisema sisi Wakisii tungeweza tungechemsha hata chai yenyewe kwa ndizi. Jioni ilikuwa zamu yake, omena na ugali wa wimbi, na mimi nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba kwetu Marani samaki wa ukubwa ule tungewaacha kwanza wakue. Hatukukosana hata siku moja kwa ajili hiyo. Mtu anayekula nawe na kukitukana chakula chako anataka ukae.

Hakuniajiri. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu matangani walisema alinichukua. Alinikodisha nafasi ya benchi kwenye veranda, nami nikamlipa, na tulipatana bei kwa siku tatu kabla ya kukubaliana, kila mmoja akiondoka kwa hasira na kurudi kwa kisingizio. Benchi lenyewe lilikuwa mbao mbili juu ya rimu za pikipiki. Juu yake niliweka almasi ya kukatia kioo, koleo, spana, gundi, kalamu ya wino mzito na tambara. Nilinunua vioo vilivyopasuka vya magari na vya kabati, nikavikata upya, nikavitia ndani ya maganda ya vioo vya pikipiki ambayo watu wengine walidhani yamekufa. Kabla ya hapo nilikuwa nachuma chai ya watu huko Nyamira, nikitoka alfajiri na kikapu mgongoni, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, msimamizi akinionyesha mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia. Benchi lile lilikuwa mahali pa kwanza duniani ambapo hakuna mtu aliyenionyesha mstari. Kulipoteza kulikuwa na maana moja tu: kurudi kwenye kikapu. Basi yeyote aliyeligusa alikuwa amenigusa mimi, na mwaka ule wote ni habari ya mtu aliyeligusa.

Mtu akija kununua kioo cha pikipiki hafanyi kama anayenunua tairi. Anajitazama kwanza. Nimewaona wanaume wazima, baba za watu, wakikagua meno yao dukani na kusema kioo ni kizuri. Nilikuwa nawaambia: ukimaliza kujipenda, panda, washa injini, tazama mlingoti wa stima ulio nyuma yako. Ukiuona unatetemeka kama mwenye malaria, shingo ya hicho kioo ni nyembamba, rudisha. Ukiona bega lako lote na barabara kidogo, kimekaa ndani mno. Ukiona mawingu tu, kinatazama mbinguni, na huko utapelekwa bila kuomba. Kulikuwa na waliotaka kioo bapa cha kabati kwa sababu kinaonyesha lori kwa ukubwa wake halisi. Ndiyo, nikawaambia, utaliona kwa ukubwa wake, na utaliona likiwa limeshakufikia. Kile chenye tumbo kinakupa barabara nzima, na lori ndani yake ni dogo. Likionekana mbali, toa umbali nusu, kisha ujishuku utoe tena. Waliobeba magunia ya majani ya chai kutoka Nyamira walitaka shingo ndefu, maana mzigo ukishafungwa kioo cha kawaida kinakuonyesha gunia tu, kutwa nzima gunia. Niliwaungia vipande vya bomba hadi pikipiki zikaonekana kama panzi, wakachekwa mjini, na wakaishi. Na kulikuwa na pikipiki za aina moja ambazo kioo cha kulia hufungwa kwa kuzungusha kinyume. Wanaume walizungusha upande waliouzoea, kikakataa, wakaongeza nguvu, nyuzi zikafa, wakaniletea. Nilikula vizuri kwa ukaidi wa mikono yao.

Lakini wengi wa steji yetu, pale bodaboda wanapongojea abiria, hawakutaka kioo kabisa. Walisema kinagonga magari foleni ikibana, kinamkwaruza abiria, tena kinamfanya mtu aonekane kama mwalimu mkuu anayekwenda kuchukua mshahara. Waling'oa vyote viwili siku ya kwanza ya kununua pikipiki na kuviweka chini ya kitanda. Shida ilikuja siku za ukaguzi barabarani, ambapo pikipiki isiyo na vioo haikupita. Hapo ndipo alipoingia Chemani. Jina lake lilikuwa Nyakundi, lakini kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa steji aliitwa Chemani na kila mtu, hata na mkewe. Mtu mnene, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka, na sauti ambayo haikuhitaji kupanda kwa sababu ilizoea kungojewa. Alikuwa na gunia la vioo. Asubuhi ya ukaguzi aliwakodishia wanachama wake jozi moja moja, wakavikaza kwa mkono, wakapita wamekaa wima kama watu wa harusi, na jioni wakavirudisha gunia lijae. Siku za kawaida alimuuzia anayetaka. Hakuna aliyemuuliza anavitoa wapi, na mimi pia sikuuliza mwanzoni. Kila mtu na biashara yake.

Kisha wale wachache walionunua vioo kwangu wakaanza kuvipoteza. Jumamosi vilipotea vya Wasabato, pikipiki zikiwa zimepangwa nje ya kanisa na wenyewe ndani wakiimba. Jumapili vilipotea vya Wakatoliki. Wezi wa mji wetu walikuwa wanaheshimu ratiba za madhehebu yote. Miongoni mwa walioibiwa alikuwa Onchiri, Msabato, mtu mzima mwenye ndevu chache na watoto wengi, aliyekuwa akileta ndizi kutoka Marani na kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa kama watu wa boma moja. Yeye alivaa vioo bila aibu. Alisema akiwa na mikungu minne nyuma yake na watoto wote wale nyumbani, hana ruhusa ya kutojua kinachomfuata. Wakati huo nilikuwa nimeanza tabia moja. Wateja walikuwa wakiniletea kioo kilichonunuliwa kwingine, kimepasuka, wakiapa ni changu na nibadilishe bure. Basi kila nilipokata kioo, kabla sijakigandisha, niliandika mgongoni mwake namba ya pikipiki ya mwenyewe kwa wino mzito. Kikishakaa ndani ya ganda hakuna anayeiona. Mteja akija na kiapo, nafungua, nasoma, namrudishia kiapo chake.

Siku moja Onchiri akaja kukazwa kioo cha kushoto alichokuwa amekinunua asubuhi ile kwa Chemani. Kilikuwa kinacheza ndani ya ganda, nikakitoa nikitie gundi upya. Nikakigeuza. Nikasoma mara mbili, maana mimi kitu cha kwanza sikiamini.

"Onchiri, hiki ni chako."

"Najua ni changu. Si nimenunua leo?"

"Hapana. Kilikuwa chako kabla hujakinunua."

Akavua kofia, akakichukua, akasoma namba ya pikipiki yake iliyoandikwa kwa mkono wangu. Watu wawili waliokuwa wakingoja wakasogea. Mmoja akacheka mpaka akashika mlingoti wa veranda. "Ati Onchiri amejiuzia! Msabato amenunua mali yake na hajapewa hata diskaunti!" Onchiri hakucheka. Alisema tu, taratibu, "Nilisali wiki nzima kirudi. Sikujua kitarudi kwa bei." Nilipaswa kunyamaza, mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikasema, na nikasema kwa sauti ya sokoni, kwamba gunia la Chemani linanunua kanisani na kuuza stejini. Maneno yale yaliteremka mlima bila kuwashwa injini. Kabla ya chai ya saa kumi Chemani alikuwa nayo yote, na mengine ya kuongezewa.

Jioni ile alikuja dukani. Mimi nilikuwa nyuma, nachambua mboga. Nilisikia kiti kikilia chini yake na Mama Achieng akimmiminia chai, halafu yakaanza, na ubao ukanipa kila neno.

"Mama, hiyo benchi inakuletea nini?"

"Inaniletea kodi."

"Mimi nitalipa hiyo kodi na nusu yake juu. Naweka mtu wangu hapo, anauza vioo bila kelele. Na vijana wangu wote wananunua spea kwako. Wote. Huyo msichana ako na mdomo."

"Mdomo anao," alisema Mama Achieng.

"Basi si tumeelewana?"

"Kunywa chai, Chemani, inapoa."

"Sijasikia jibu, mama."

"Nitafikiria. Ukitaka jibu ya haraka, fungulia redio."

Niliendelea kuchambua mboga. Nilihesabu bei ya Chemani upya kichwani na kila nilipoihesabu ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe ningeipokea. Tulipokula Mama Achieng hakusema lolote, na mimi sikuuliza, kwa sababu anayeuliza amekubali kwamba kuna la kuulizwa. Asubuhi akaleta ndizi na chai, akaketi, akala, na hakuzitukana ndizi. Hapo ndipo niliogopa.

Mchana nikaletewa habari na kijumbe wa steji kwamba nimeshtakiwa. Lazima nieleze desturi yao. Pale stejini hakuna kosa lililokwenda mbali. Kila kosa lilioshwa kwa soda. Ukiruka foleni, kreti ya soda. Ukimtukana mwenzako mbele ya abiria, kreti ya soda, na iwe baridi. Unaileta, Chemani anafungua chupa ya kwanza, watu wanakunywa, mambo yameisha na hakuna wa kuyarudia. Ulikuwa mpango mzuri, siukatai, uliwaepusha na ngumi nyingi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: chupa ikishafunguliwa, kosa limekubaliwa. Mimi nilitakiwa kuleta kreti Jumapili saa tisa, kwa kuwaita wanachama wezi, na kisha kuhamisha benchi langu mahali pengine "kwa ajili ya amani". Onchiri alikuja kunisihi. Alisema yuko tayari kuchangia nusu ya kreti. "Dada, soda ni sukari na maji tu. Kunywa, wanywe, kesho ufanye kazi."

"Wapi? Kesho nifanye kazi wapi, Onchiri?"

Alizungusha kofia, akapanda pikipiki, akatazama kioo chake kilichoibiwa, akaenda.

Jumapili nilienda mikono mitupu. Walikuwa wamepanga viti vya plastiki nyuma ya steji, na meza yenye kitambaa cha maua, na juu ya meza kifungua chupa peke yake kikingoja kazi. Mama Achieng alikuwa ameshafika, amekaa mbele na chupa yake ya maji moto, kwa sababu hakuamini chai ya mtu mwingine. Gunia lilikuwa pale pale miguuni pa Chemani. Nadhani alilileta ili lionekane halina aibu. Kwetu hakuna kikao kinachoanza bila maombi wala kinachoisha bila maombi, hata kiwe cha kugawana kamba, na Onchiri ndiye aliyepewa kufungua. Aliomba kwa muda mrefu, akawataja wagonjwa, wajane na wasafiri, akikwepa vioo. Tukasema amina. Chemani akatazama mikono yangu.

"Moiseke, soda iko wapi?" akauliza. Kwetu moiseke ni msichana, naye msichana humwita mkubwa wake tata, yaani baba.

"Sijaleta, tata. Sijakosa."

Kelele zikapanda. Kulikuwa na jamaa mmoja, Makori, mrefu, mwenye mdomo kuliko wangu, aliyekuwa akipiga kiti kwa kiganja na kuimba "Soda! Soda!" mpaka wengine wakamfuata. Chemani aliinua kidole, wakanyamaza.

"Umeita watu wezi. Uko na shahidi?"

"Shahidi ni hilo gunia," nikasema. "Chagua kioo chochote. Nifungue mbele ya watu. Kikiwa hakina mwandiko wangu ndani, naleta kreti mbili na benchi naibeba mimi mwenyewe kwa kichwa."

Hapo niliwapata. Watu wa steji wanaweza kukataa haki lakini hawawezi kukataa dau. Wakapiga mluzi. Chemani akasema sawa, kimoja. Nikasema vitano. Akasema kimoja, si anajiamini. Nikasema hata kwa daktari mtu hupimwa zaidi ya mara moja. Tukashuka na kupanda hapo, mimi na yeye, jua likituchoma, hadi tukakubaliana vitatu, na kimoja tu kikiwa na mwandiko wangu, nimeshinda. Nawaambia watoto wangu kwamba hata siku ya kuhukumiwa niliipatana bei, na hawanielewi.

Alitia mkono akatafuta muda mrefu, akatoa kimoja kilichong'aa kuliko vyote. Ganda la plastiki likiwa baridi halifunguki, linavunjika. Linataka joto kidogo ukingoni lilegee. Kabla sijasema neno Mama Achieng alikuwa amesimama na chupa yake. Hakunitazama. Alimimina maji moto kwenye ukingo, polepole, kama anayemnawisha mgeni, akarudi kukaa. Nikapitisha bisibisi, kioo kikatoka, nikakigeuza. Mgongo ulikuwa mtupu. Rangi ya kijivu, safi, haina hata nukta.

Sitaki kusema kelele zile zilikuwaje. Makori alisimama juu ya kiti. Mtu mmoja alikuwa ameshaanza kuniuliza ninapendelea soda ya rangi gani. Chemani alitabasamu na kuokota cha pili bila kutafuta, kwa dharau, cha kwanza kilichokutana na mkono wake, kimechakaa, kina mkwaruzo. Maji. Bisibisi. Nikakigeuza, nikasoma kimoyomoyo, nikasoma tena. Nilikwenda nikampa Makori, pale juu ya kiti.

Makori alikitazama. Aliinamisha kichwa kutazama namba ya pikipiki yake iliyoegeshwa ukutani, akarudi kwenye kioo, akarudi kwenye pikipiki. Alishuka kitini mguu mmoja baada ya mwingine.

"Hii ni yangu," akasema. "Hii iliibwa siku ya ubatizo wa mtoto wangu."

Hakuna aliyeomba cha tatu kifunguliwe. Kila mtu alikuwa ameinama kwenye gunia. Walivitoa vyote wakavipanga kwenye kitambaa cha maua, wakibishana, huyu akijua mkwaruzo wake, yule akijua shingo aliyoipinda alipoangukia mtaro. Chemani alikaa. Lazima nimpe haki yake: hakupiga kelele wala hakukimbia. "Mimi nanunua kwa anayeleta," alisema. "Siulizi kioo kilizaliwa wapi. Nani hapa huuliza?" Na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akiuliza, basi wakamnyamazia, wakachukua vyao. Kisha yeye akafanya jambo la akili kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya. Alisimama, akakunja kitambaa, akafungua mikono kama baba.

"Huyu ni mtoto wetu," akasema. "Alisema kwa hasira. Mimi kama Chemani nimemsamehe. Hakuna soda. Benchi ikae. Makofi kwake."

Wakapiga makofi. Walipiga kwa furaha, maana walitaka kwenda. Simu za abiria zilikuwa zinalia mifukoni na wingu lilikuwa limeshapanda upande wa Kiogoro. Nilimwona Onchiri akipumua. Mama Achieng akanivuta sketi kwa chini. "Chukua msamaha twende tukapike," alininong'oneza. Na ningeuchukua, kama ningekuwa mjinga wa kununua kitu bila kukigeuza nyuma. Niliugeuza. Aliyesamehewa mbele za watu hukaa kwa hisani ya aliyemsamehe. Benchi lingekuwa langu mpaka siku Chemani atakapokumbuka kwamba alinihurumia. Hicho kilikuwa kikapu kingine, cha heshima zaidi, chenye makofi.

"Mimi sijaomba msamaha, Chemani," nikasema. "Sema sina kosa."

"Si nimesema imeisha?"

"Hujasema sina kosa."

"Kusamehewa na kutokuwa na kosa, si ni kitu moja?"

"Kama ni kitu moja, sema hiyo yangu."

Walisema "Weee!" kwa pamoja. Chemani alinitazama. Alikuwa amekosa gunia, amekosa soda, na sasa nilimtaka neno moja, na lile neno ndilo lililokuwa uenyekiti wake wote. Angelitoa, kila aliyewahi kunywesha steji soda angejiuliza kama na yeye alikuwa na kosa kweli. Mimi niliona hilo, na yeye aliona kwamba nimeliona. Nikabaki nimesimama. Akamgeukia Onchiri. "Funga na maombi."

Onchiri alisimama, akavua kofia. Alimtazama Chemani, akanitazama mimi, akatazama lile wingu. Alikuwa mtu mwoga wa ugomvi, yule ndiye aliyekuwa mpole, kama mwenye suti anamtafuta.

"Siwezi kufunga, tata," akasema. "Kuna mtu bado anaongea."

Mvua ikaanza vile inavyoanza kwetu, bila kubisha hodi. Watu wakasimama, wakasitasita, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka kabla ya amina. Makori ndiye aliyewasha kwanza, kioo chake kikiwa ndani ya shati. Wakamfuata, mmoja mmoja, vichwa chini, mpaka tukabaki mimi na Chemani na meza. Yeye alikuwa na koti lake. Mimi sikuwa nalo.

"Moiseke, utanyeshewa."

"Nimenyeshewa kitambo, tata."

Alichukua kifungua chupa chake mezani, akakifuta kwa kidole gumba, akaenda.

Jioni ile Mama Achieng alinipandishia kodi. Alisema sasa benchi linajulikana mpaka Keroka, na mahali panapojulikana pana bei yake. Tulibishana mpaka sufuria ya omena ikaungua chini. Katikati ya mabishano nikamuuliza alimjibu nini Chemani kuhusu ile kodi na nusu juu. Akasema hakumjibu, alikuwa akingoja aone kama mimi nitamzidi bei. Akatazama sufuria, akasema ndizi zetu haziungui kwa sababu hata moto hauna hamu nazo, na nikajua nimebaki.

Chemani aliendelea kuwa mwenyekiti miaka mingi. Alikuja kwenye benchi langu, akasalimu, akakaza vioo vyake, akalipa bila kuomba nipunguze, na lile neno hakulisema. Vikao vingine viliitwa, vikafunguliwa na kufungwa kama kawaida. Onchiri sasa ni mzee wa kanisa, na juzi nilimkuta sokoni Marani akipakia ndizi. Nikamuuliza kama aliwahi kurudi kukifunga kile kikao cha vioo, hata peke yake, hata kimoyomoyo. Aliweka mkungu chini kwanza. "Nilifungua mimi, dada," akasema. "Ningefunga, ungesikia." Basi kikao kile kinaendelea, na mimi sijaketi.